Dhahabu ya biti si urembo tu
Sikubali kwamba rangi ya dhahabu kwenye biti za kutobolea vyuma ni urembo wa kuvutia wanunuzi. Tabaka la rangi hiyo, likiwa la titani naitraidi halisi, lina unene wa mikroni chache tu, lakini kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers hupita 2,000, ilhali chuma cha biti nzuri chenyewe hukaribia 850. Fundi wa mtaani atauliza: nikiinoa biti, si tabaka linaisha? Linaisha kwenye ncha, lakini hubaki kwenye mifereji, na vipande vinavyokatwa huendelea kuteleza. Hoja nzito zaidi ni hii: likipakwa juu ya chuma laini, tabaka hupasuka, kwa kuwa chini yake hakuna cha kulishikilia. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji chuma cha ndani ni cha aina gani.