Mlezi Akirudi Kutoka Semina

Kila asubuhi, kabla hata ya saa moja, akina mama wa mitaa ya Mukuru, Korogocho na Mathare jijini Nairobi huwaacha watoto wao kwa mwanamke mwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, kisha wakaelekea viwandani, sokoni au kutafuta vibarua vya kufua. Chumba hicho ndicho deikea. Ada hulipwa kwa siku, kwa kawaida kati ya shilingi 50 na 100, na mama aliyekosa kibarua huomba kulipa kesho. Kila habari mbaya inapotoka deikea, mwanamke huyu hujadiliwa kote nchini, na pendekezo la kwanza huwa ni lile lile: apelekwe mafunzo.

Anayahitaji, sina ubishi. Ninachobishia ni namna mafunzo hayo yanavyotolewa: ukumbi, siku mbili, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti, kwaherini.

Yanayofundishwa humo mengi ni ya maana. Tangu 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia zilipotoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo, semina nyingi zimejengwa juu ya nguzo zake tano: afya, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Tanzania nayo ilizifuata nguzo hizo katika programu yake ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2021. Mlezi huambiwa kwamba mtoto mchanga alazwe chali, kwamba karanga nzima inaweza kumpalia mtoto wa miaka miwili, kwamba anayeharisha apewe ORS na zinki, na kwamba kitoto kisichojua kusema kinahitaji kusemeshwa mchana kutwa ili ubongo wake ukue. Hakuna hata moja kati ya hayo la kupuuzwa.

Kisha anarudi chumbani kwake. Ameambiwa anawe mikono kila anapombadilisha mtoto nepi, lakini maji anayanunua kwa mtungi, na kila mtungi unakula ada ya siku. Ameambiwa awatenge wanaotambaa na wanaokimbia, ila chumba hakina kona ya pili, na jiko liko mlangoni kwa sababu ndiko kwenye hewa. Ameambiwa amsemeshe kila mtoto uso kwa uso. Anao kumi na wawili, wanne wanalia, mmoja ana homa, na mama yake hashiki simu akiwa kazini. Si kwamba amesahau. Katika masomo hayo yote hakuna mtu aliyeketi naye ndani ya chumba hicho wakaangalia pamoja kipi kinawezekana leo, kipi mwezi ujao, na kipi hakiwezekani mpaka apatikane msaidizi.

Tena kuna hesabu ambayo waandaaji wengi hawaipigi. Tuseme ana watoto kumi kwa shilingi 80 kila mmoja. Siku akifunga kwenda semina amepoteza shilingi 800, na mwenye nyumba hatazifuta kwenye kodi. Wazazi wa watoto kumi nao hawana pa kuwaweka. Kwa hiyo ama anabaki, ama anamtuma binti yake, ama anawaacha watoto kwa jirani ambaye hajafunzwa lolote. Hapo mafunzo yaliyokusudiwa kuwalinda watoto huwaweka hatarini kwa siku mbili nzima.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kenya ilishajua njia bora. Kituo cha taifa cha elimu ya awali, NACECE, kilipoundwa mwaka 1984 na kufuatwa na vituo vya wilaya vya DICECE, walimu wengi wa chekechea walikuwa hawajasomea kazi yao na walilipwa na wazazi. Kuwaondoa shuleni kwa miaka miwili kungefunga madarasa. Basi wakafundishwa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, awamu baada ya awamu kwa miaka miwili, na shule zilipofunguliwa wakufunzi waliwafuata madarasani.

Mombasa ilikwenda mbali zaidi. Viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada wa elimu ya watoto wao mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi ikaanzishwa na Bi Swafiya Said, mwalimu aliyewaandaa wanawake wa mitaani, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya shule, kuwa walimu wa watoto wadogo. Mpango huo wa shule za awali za madrasa ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda miaka mitatu baadaye. Nguvu yake haikuwa wiki za mwanzo za mafunzo. Mkufunzi alirudi tena na tena, akakaa darasani, akatazama, akaonyesha, na shule ilipohitimu haikuachwa peke yake; walimu waliendelea kukutana. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vilivyopo: vifuu, mbegu, vitambaa, maboksi.

Lakini DICECE na madrasa zilimlenga hasa mtoto wa miaka mitatu kwenda juu. Wa chini ya hapo ilidhaniwa yuko nyumbani na mama au nyanya yake. Mjini leo hayuko huko, yuko deikea, na mlezi wake hakuwahi kuingizwa katika mpango wowote wa miaka miwili.

Si lazima tuanze upya. Huko Korogocho na Viwandani, watafiti wa APHRC, kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya, walijaribu kuwakusanya walezi katika vikundi vya kufunzana, vikiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii ambao pia waliwatembelea walezi katika vituo vyao. Mwalimu anakuwa mtu wa mtaa, anayejua nani ana maji na nani hana. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Wanapita vichochoro vile vile. Ila posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti, na kuwatwika kazi ya kuwafunza walezi bila kuwaongeza kitu ni kuhamisha dhuluma kutoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine.

Wapo wanaosema hili ni kulea uzembe: asiye na cheti afungiwe. Hofu yao naielewa. Mtoto wa miezi sita hawezi kumweleza mama yake kilichotokea mchana, na mzazi ana haki ya kujua kwamba kuna mtu amekagua. Moto, maji, idadi ya watoto, kipigo: hayo yakaguliwe leo, na anayewapiga watoto asiongezewe siku. Lakini ukifunga chumba kwa kukosa cheti tu, watoto hawahamii shule ya kifahari. Wanahamia chumba kilichojificha zaidi. Cheti kingetolewa jinsi NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, inavyomtahini fundi aliyejifunzia gereji: onyesha unachojua kwa mikono yako, utambuliwe, uendelee kupanda daraja. Mlezi wa miaka kumi anastahili heshima hiyo, na mtihani ufanyiwe anapolea watoto.

Kuhusu nani alipe, Katiba ya 2010 ilishajibu. Jedwali la Nne linazipa kaunti elimu ya chekechea na, katika kipengele hicho hicho, vituo vya kulelea watoto. Madarasa ya chekechea yamejengwa na walimu kuajiriwa. Nairobi ilipitisha hata sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Kinachohitajika sasa ni fungu la mafunzo lenye mambo matatu ndani yake: nauli na posho ya mkufunzi anayerudi kila mwezi, malipo ya msaidizi siku mlezi anapokwenda kusoma, na maji. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Akina mama wa Mukuru watakuwa kazini wakati wa vikao hivyo. Kaunti ivifanye Jumapili alasiri, na iwaulize.