Mwenyeji Naye Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Mwanza umepokea wageni wa aina ya pekee, yaani watafiti wa magonjwa. Wananchi wa vijijini na wa mwambao wa Ziwa Victoria wamewajibu maswali yao na kuwapa damu ipimwe. Yatupasa kuuliza: je, elimu iliyopatikana kwao imewarudia?

Tuchukue mfano mmoja. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 ulifanyika mkoani humu utafiti mkubwa juu ya magonjwa ya zinaa na UKIMWI. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wataalamu kutoka London walishirikiana. Zilichaguliwa jamii 12. Katika jamii 6, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zilipatikana bila kukatika, na elimu ilipelekwa vijijini. Watu wazima wapatao 12,000 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40, yakilinganishwa na jamii 6 nyingine.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 katika The Lancet, jarida la utabibu la London, kwa Kiingereza. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, nchini Uganda, uliotumia njia ya kuwapa watu wote dawa kwa pamoja, haukuonyesha punguzo la namna hiyo. Wataalamu wakajadiliana sababu zake, tena kwa Kiingereza. Hatuwalaumu watafiti, maana kazi yao ina manufaa makubwa. Lakini mkulima au mvuvi aliyenyoosha mkono atolewe damu hawezi kulisoma jarida hilo, wala kuufuata mjadala huo.

Kikwazo hiki cha lugha tunakutana nacho hata dirishani pa dawa. Kijikaratasi kilichomo katika pakiti mara nyingi ni cha Kiingereza. Bibi anayezungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita huelezwa kwa haraka, kwa sababu foleni ni ndefu na mtumishi ni mmoja. Aliyevuka maji kutoka kisiwani hawezi kurudi kesho kuuliza tena. Mwenye ugonjwa wa zinaa hunyamaza kwa aibu. Simu za mkononi nazo huleta habari nyingi, ila uvumi husafiri humo kwa kasi ileile ya ukweli.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaja haki ya matibabu na pia haki ya kupata habari za kweli. Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi yetu inamhakikishia kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Basi, kumweleza mgonjwa hali yake si hisani. Ni kumtendea haki.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, viongozi wa vijiji wawatake watafiti warudi kwenye mkutano wa hadhara na kueleza matokeo kwa lugha inayoeleweka. Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo ziwaalike waganga na wauguzi kujibu maswali, huku wale wanaojua kusoma wakiwasaidia wasiojua. Tatu, kila mgonjwa aulize bila woga mambo haya: Ninaumwa nini? Dawa hii ni ya nini? Niitumie mpaka lini? Nao walei walio katika kamati za zahanati wahakikishe kwamba anayeuliza hakaripiwi.

Watu wa Mwanza wametoa damu yao ili dunia ijifunze. Ni haki yao kuambiwa dunia imejifunza nini.