Dogo wa pembeni apewe namba 10, ila asiachwe peke yake

Kwenye timu nyingi za vijiji vya Kilosa, kuanzia Mamboya na Berega hadi kule barabarani Magole na Dumila, kuna dogo mmoja ambaye kijiji kizima kinakubali kwamba ndiye fundi. Mara nyingi dogo huyo ni winga. Ana mbio, ana chenga, na wapinzani wakija wanamwekea watu wawili. Siku kocha akimwambia, "Leo unacheza kati, namba 10," ugomvi unaanza. Timu ikifungwa bao la mapema tu, waliosimama pembeni ya uwanja wanapiga kelele: "Mrudishe winga huyo!" Kocha naye anaishi kijiji hicho hicho, kesho atakutana nao kwenye kahawa. Anamrudisha.

Sisi tunasema asirudishwe. Ila tunasema pia kwamba makocha wetu wengi wanamhamisha vibaya, halafu lawama zote anabeba dogo.

Hili si la Mamboya peke yake. Tazama nani wamecheza kama wapishi wa mabao kwenye timu zetu kubwa kwa miaka zaidi ya kumi. Haruna Niyonzima alitoka Rwanda mwaka 2011 akaja Yanga. Clatous Chama alitoka Zambia mwaka 2018 akaja Simba. Saido Ntibazonkiza wa Burundi alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17, sawa na Fiston Mayele. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso alikuwa mfungaji bora wa 2023/24 na mabao yake 21, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast akabeba tuzo hiyo 2024/25 akiwa na mabao 16. Wote wageni, wote watu wa katikati au karibu na hapo. Hatuwaonei wivu, wametufurahisha sana. Lakini ukijiuliza Mtanzania gani amekaa meza moja na hao, jina la kwanza linalokuja ni la Feisal Salum. Na Fei Toto hakuanza kama namba 10.

Alipotua Yanga mwaka 2018, Wanajangwani walimjua kama kiungo wa chini na wa kati, mtu wa kukaba, kunyang'anya na kusambaza mipira. Mguu wa kupiga mashuti ya mbali alikuwa nao toka zamani, ila alikuwa anaanzia mbali mno na goli. Aliyembadilisha ni Nasreddine Nabi. Msimu wa 2021/22 Nabi akampandisha juu, nyuma ya mshambuliaji. Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Wapenzi wa Simba wanaokumbuka nusu fainali ya Kombe la FA pale CCM Kirumba, Mei 2022, hawahitaji maelezo zaidi: shuti moja la mbali la Fei, bao moja, mechi imekwisha.

Watu wengi wakisimulia habari hiyo wanaishia kwa Fei. Tunaomba waangalie nyuma yake. Msimu ule ule Yanga ilikuwa imewaleta Khalid Aucho na Yannick Bangala. Hawa ndio waliochukua kazi aliyokuwa anaifanya Fei. Akipoteza mpira, Aucho yupo. Akichelewa kurudi, Bangala ameshaziba. Nabi hakumwambia kijana "panda juu, utajua mwenyewe". Alimtengenezea nyumba kwanza, ndipo akamhamisha. Mambo ya mkataba yaliyofuata na Fei kuhamia Azam mwaka 2023 ni habari nyingine, ila kazi aliyofundishwa hakuiacha Jangwani. Msimu wake wa kwanza Chamazi alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki, na Azam ikamaliza nafasi ya pili.

Sasa turudi kwenye uwanja wa vumbi.

Winga anacheza na chaki mgongoni. Akipokea mpira anajua kabisa hakuna mtu atakayetokea nyuma yake, uwanja wote uko mbele na upande mmoja. Akinyang'anywa, beki wake wa pembeni yupo na goli liko mbali. Ukimleta kati, mambo yote hayo yanageuka. Watu wako kila upande. Anatakiwa aangalie nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, kwa sababu ukishamfikia amechelewa. Na akinyang'anywa pale, wapinzani wanakwenda moja kwa moja kwa mabeki wa kati. Ndiyo maana mechi mbili tatu za kwanza dogo anaonekana kama kasahau mpira. Hajasahau. Anajifunza kuona upande ambao hakuwahi kulazimika kuuangalia.

Halafu kuna jambo ambalo kusema kweli linatukera zaidi. Kocha anamweka dogo namba 10, lakini kipa anaendelea kubutua. Mpira unatoka golini, unapita juu ya kichwa cha dogo, unamfikia straika, unarudi tena juu kwa juu. Dakika tisini namba 10 ameshika mpira mara chache kuliko mrusha mipira! Mwisho wa mechi watu wanasema "hakuna kitu pale kati". Kitu kitatoka wapi? Kama unataka mtu wa kuchezesha, lazima timu ikubali kucheza chini, hata kama uwanja una mashimo na mpira unaruka kama panzi. Angalau mabeki wampe kiungo mkabaji, na mkabaji amtafute namba 10. Kama timu haina mkabaji wa kweli, basi kocha amtafute huyo kwanza. Kumpandisha fundi bila mlinzi nyuma yake ni kumtoa kafara.

Wengine watatuambia mbona kuna wachezaji wanahamishwa kila siku na wanafanya vizuri. Hapo wanamaanisha viraka. Erasto Nyoni alikuwa kiraka hasa: beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo, popote ulipomweka alikupa kazi. Tunamheshimu sana. Lakini Nyoni alikuwa mtu mzima mwenye mpira wake kichwani. Dogo wa miaka 17 anayecheza winga Jumapili hii, namba 10 Jumapili ijayo, na beki wa kushoto kwa sababu mwenye namba hiyo amekwenda shamba, huyo hafundishwi nafasi mpya. Anazibia matundu ya kocha. Baada ya miaka miwili atakuwa anajua nusu nusu ya kila kitu.

Ukitaka mfano wa mbali, Andrea Pirlo alihamishwa kwa njia ya kinyume. Alikua akiwa namba 10, Inter hawakujua wamfanyie nini, akapelekwa kwa mkopo Brescia mwaka 2001. Kule namba 10 alikuwa Roberto Baggio, na huyo humtoi. Kocha Carlo Mazzone akamshusha Pirlo mbele ya mabeki, apige pasi kutokea chini. AC Milan wakaendelea naye pale pale, na mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia na Italia. Fei alipandishwa, Pirlo akashushwa, ila wote walifanana kwa jambo moja: wakishahamishwa, waliachwa hapo muda wa kutosha.

Kwa vijana wa Kilosa jambo hili lina uzito wake. Kutoka Magole kuna barabara inayoingia Turiani, kwa wakata miwa wa Manungu, Mtibwa Sugar, mabingwa wa Tanzania 1999 na 2000. Pale ndipo Simba ilipowachukua Shiza Kichuya, Mohamed Ibrahim na Muzamiru Yassin kwa mpigo mwaka 2016. Pale ndipo Yanga ilipowapata Kibwana Shomari na Dickson Job. Dogo wa Mamboya hana wakala wala video. Ana mechi moja au mbili ambazo mtu anayejua mpira atapita na kusimama kuangalia. Kama siku hiyo yuko pembeni, mipira haimfikii, na upande wake ndio wenye kichuguu, ataonekana dogo mwenye mbio tu, na wenye mbio wako wengi nchi hii. Akiwa kati, anageuka na mpira, anampa straika pasi ya mwisho, huyo mtazamaji atauliza jina.

Kwa hiyo makocha, hameni naye mapema. Mechi za kirafiki na mazoezi ya jioni kabla ligi ya wilaya haijaanza ndiyo muda wake. Ukimhamisha siku ya mechi ngumu kwa sababu namba 10 wako kaumia, umeshamharibia. Mkishaanza, mpeni mechi tano mfululizo. Na msimpime kwa mabao. Kaeni na karatasi, mhesabu mara ngapi amepokea mpira akageuka nao kuelekea mbele. Mechi ya kwanza zikiwa mbili na ya tano zikiwa nane, endeleeni naye hata kama mmefungwa. Zikibaki mbili mbili hadi mwisho, mrudisheni winga bila aibu, si kila fundi ni mpishi.

Na wale wa pembeni ya uwanja, mechi tano hizo mpigieni kelele kipa aache kubutua.