Kanisa la Kijiji ni Mali ya Nani? Tafakari kutoka Ufaransa

Ufaransa imegawanyika katika komune zipatazo 35,000, nyingi zikiwa vijiji vidogo. Kila komune, hata ile yenye wakazi wasiofika 100, ina meya na baraza lililochaguliwa kwa kipindi cha miaka 6. Utaratibu huu uliwekwa mwaka 1789, na kwa sehemu kubwa ulifuata mipaka ya parokia za kale.

Meya huyo wa kijiji anabeba pia mzigo wa kanisa. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenganisha Dini na Dola. Baada ya Papa Pio X kukataa vyama vya ibada vilivyotakiwa na sheria hiyo, makanisa ya parokia yaliyokuwapo yakawa mali ya komune. Hata hivyo, paroko na waamini wana haki ya kuyatumia kwa ibada bila malipo.

Paa linapovuja, nani alipe? Sheria inairuhusu komune kugharimia matengenezo, lakini kodi ya kijiji chenye watu wachache haitoshi. Ndiyo maana, mwezi Septemba 2023, Rais Emmanuel Macron alizindua changizo la kitaifa kwa ajili ya majengo ya ibada katika komune zenye wakazi chini ya 10,000, likilenga euro milioni 200 kwa miaka 4.

Jambo hili linastahili pongezi, lakini fedha pekee haziokoi kanisa. Sheria ile ile ya mwaka 1905 inasema kwamba ibada ikikoma kwa zaidi ya miezi 6 mfululizo, pasipo sababu isiyozuilika, jengo laweza kuondolewa katika matumizi ya ibada. Kumbe, hata Dola isiyo na dini inatambua kwamba kanisa hudumu kuwa kanisa kwa sababu ya watu wanaosali ndani yake!

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alipotumwa Ars mwaka 1818, alikuta kijiji cha watu wapatao 230 na imani iliyopoa. Alianza kwa kusali mbele ya Ekaristi. Hadi alipofariki dunia mwaka 1859, maelfu ya mahujaji walikuwa wakifika kila mwaka kuungama kwake.

Wapendwa waamini, mwaka 1868 wamisionari Wafaransa walianzisha misheni Bagamoyo. Leo tunachangia saruji na mabati kwa moyo mkuu, na ni vema. Tujiulize basi: baada ya kutabaruku kanisa, ni nani atakayelijaza kwa sala siku za juma?