Nyumba ya Leta si mali ya mukubwa mumoja

Hapa Lubumbashi tumeizoea: asubuhi moja nyumba ya zamani ya Leta inazungushiwa mabati. Tunauliza, hakuna mwenye kujibu. Kisha miezi, kuta zinabomolewa, magazini inapanda. Njo pale tunasikia: "Iliuzishwa."

Iliuzishwa na nani? Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi: udongo wenye kutumikia kazi ya batu bote hauwezi kupewa mutu kama Leta haijautosha kwanza mu kazi ile, kwa njia ya halali. Mu biro banaiita "désaffectation". Ni karatasi tu, lakini njo mulango ambamo manyumba yetu inatokea.

Hatukatae nyumba ibadilishe kazi. Muangalie teatre ya muji, yenye Claude Strebelle alichora, yenye kujengwa mu miaka ya 1950. Ikaitwa Bâtiment du 30 Juin, na Bunge la provinsi likakutanikia mule. Kazi ilibadilika, nyumba ikabaki ya batu bote. Ile yenye kuuzishwa mu giza, yeye hairudi tena.

Basi tunaomba bakubwa betu kitu kimoja: mbele ya kuuzisha, karatasi ile ibandikwe ku mulango wa nyumba, pamoja na bei na jina la mununuzi, batu basome na bapate wakati ya kukataa. Mwenye kuuzisha kwa haki hataogopa kusomwa.