Njia za Tetu ziingie kwenye ramani kabla hazijazibwa

SAFU: NG'AMBO YA MTO
Na Gachanja wa Muthoni

Mzunguko wa miguu ninaoupenda kuliko yote katika Kaunti ya Nyeri hauna kibao wala tiketi. Unaanzia Wamagana, Tetu, asubuhi na mapema, unakata mabonde hadi ukingoni mwa msitu wa Aberdare, unaambaa na ua wa umeme, unateremkia upande wa Ihithe, kisha unarudi Wamagana jioni kwa kigongo kingine. Ni mwendo wa kutwa. Nauandikia leo kwa kuwa unazibwa kipande kwa kipande, na wanaopita barabarani kwa gari hawawezi kuliona hilo.

Asiyeijua Tetu kwanza aelewe ilivyoumbwa. Mito inazaliwa juu katika milima ya Aberdare, upande wa magharibi, inashuka kuelekea mashariki ikichimba mabonde marefu yaliyolala sambamba. Kati ya bonde na bonde kuna kigongo, na juu ya kigongo ndipo barabara inapopita, ndipo palipo na maduka, kanisa na shule. Mwenye gari akitaka kigongo cha pili mara nyingi inambidi azunguke mbali. Mwenye miguu hushuka mtoni, akavuka, akapanda, akafika. Kwa vijia hivyo vya kukata bonde binti aliyeolewa ng'ambo alirudi kuwaona wazazi wake, mbuzi wa mahari walipelekwa, na watoto walikwenda shule iliyo karibu kwa macho ingawa iko mbali kwa barabara.

Ukitoka Wamagana kabla jua halijapanda, geuka nyuma mara kwa mara. Mlima Kenya unasimama wazi upande wa kaskazini mashariki, na kilele cha Batian, mita 5,199, kinaonekana hadi mipasuko yake. Ikifika saa nne hivi mawingu huwa yameufunika, na usipouona saa hizo za mwanzo basi subiri kesho. Miezi bora ni Januari na Februari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa mabondeni siku nzima, baridi inapenya sweta, na ardhi yetu nyekundu inateleza hata kwa mwenye viatu vizuri.

Mteremko wa kwanza ndio unaofundisha zaidi. Shamba la hapa ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani juu ya kigongo na kuishia mtoni. Ukishuka pembeni mwake unapita kila kitu kwa mpangilio wake: nyumba na zizi la ng'ombe wa maziwa, kisha chai iliyokatwa ikawa sawa kama meza, kisha mikadamia na miparachichi, kisha majani ya nepia kwenye mwinamo mkali, na chini kabisa, kwenye tope jeusi, nduma zenye majani mapana yanayobeba tone la maji bila kulowa. Halafu mto. Daraja ni magogo mawili yaliyolazwa sambamba, vipande vya mbao vikapigiliwa juu yake, na upande mmoja waya wa kushikilia uliofungwa kwenye miti. Mimi na wenzangu tulipofika hapo mama mmoja alikuwa anavuka kutoka upande wa pili, kikapu cha majani mabichi ya chai mgongoni, akielekea kituo cha kupimia. Tulimsubiri. Alivuka bila kugusa waya, akatuambia, "Pole pole, wanangu, ubao wa katikati umeoza," akaendelea kupanda. Majani yale yanakwenda kiwandani, Gathuthi au kwingine, na mizani haimsubiri aliyechelewa. Kwa huyo mama, kijia ni sehemu ya kazi yake kama kikapu kilivyo.

Ukanda huu wa kutoka barabarani hadi mtoni una historia, nayo ni chungu. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 watu wa Nyeri na wilaya jirani walianza kuondolewa kwenye maboma yao na kurundikwa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Mwaka huohuo ulitoka Mpango wa Swynnerton, uliotaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe na kila mwenye shamba apewe hati. Kwa hiyo mashamba yalipimwa upya wakati wenyewe wengi wako vijijini chini ya ulinzi, na wengine kizuizini. Wapimaji walichora mipaka na barabara. Vijia vingi vya kwenda mtoni, ambavyo kila mtu alivijua na hakuna aliyeona haja ya kuviandika, havikupata mstari wao.

Waliopata ardhi walirudi kuijenga. Waliokosa walibaki vijijini, na vijiji hivyo vya ukoloni vipo hadi leo kote Nyeri, vimebanana juu ya vigongo, wenyeji wake wakiwa na ploti ndogo sana. Hao hawana kipande cha ukingo wa mto. Mfereji ukikauka, maji yao, na njia yao ya kwenda kwenye kibarua cha kuchuma chai, ni kijia kinachopita katikati ya mashamba ya wengine. Kijia kikifungwa, wao ndio wa kwanza kuumia, na ni nadra sana sauti yao kufika kwenye ofisi ya ardhi.

Ukipanda mfululizo unatokea kwenye ukingo wa msitu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapa pana mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni ua wa umeme, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, unaouzunguka msitu wa Aberdare. Ulianza kujengwa 1989 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark, serikali na wenyeji, ukakamilika 2009 wakati wa Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya iliyo ng'ambo tu ya mto Gura. Kabla ya ua, mkulima wa huku alilala shambani akipiga madebe kufukuza ndovu. Ua ule umewaokoa wanyama na mahindi pia, nami nausifu bila kusita.

La pili halionekani isipokuwa uoneshwe. Wakati wa vita vya Mau Mau, wanawake na wazee wa vijiji hivi waliamrishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu, likatiwa vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wasipate chakula. Karibu na hapa ndipo kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyezaliwa Thenge hapahapa Tetu mwaka 1920, alipopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alipokuwa akijaribu kurudi msituni alfajiri. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mkewe Mukami alifariki Mei 2023 akiwa bado anaomba aoneshwe kaburi. Mtoto wa shule wa Wamagana anayetembea hapa na mtu mzima wa kumweleza atajifunza kwa saa moja jambo ambalo kitabu cha darasani hulipa aya moja.

Kutoka hapo unateremka kuelekea Ihithe, nyumbani kwa Wangari Maathai. Alizaliwa huko tarehe 1 Aprili 1940, akawa mbunge wetu wa Tetu kuanzia uchaguzi wa 2002, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alisimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi alivyochezea mayai ya vyura kwenye kijito kilichochipuka karibu na mti huo akidhani ni shanga. Baadaye mti ulikatwa, na kijito kikakauka. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya miti. Mimi naona ndani yake kitu kingine pia: mtoto aliyetumwa kuteka maji, ana njia ya kufika mtoni, na muda wa kutazama. Bila kijia kile huenda kusingekuwa na Wangari tunayemjua. Na maji yenyewe yana safari ndefu. Ya Gura na mito mingine ya huku yanaingia Sagana, Sagana inakuwa Tana, na Tana inazungusha mitambo ya umeme ya Masinga na Kiambere kabla ya kufika baharini kule Kipini.

Kigongo cha kurudi ndicho kilichonitia uchungu. Kijia nilichokijua tangu ujana kilikuwa kinashuka kando ya kichaka cha kayaba hadi mtoni. Sasa kayaba imeng'olewa, pamewekwa nguzo za zege na seng'enge nyuzi tano, na lango lenye kufuli. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini jirani na hapo. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Mzee, njia hii haifiki tena mtoni?" Akanijibu, "Inafika, mwanangu, ila siku hizi ina mwenyewe." Tulizunguka kwa barabara ya lami, ambako hakuna nafasi ya mtembea kwa miguu, bodaboda zikitupita kwa kasi. Mbele yetu walikuwa watoto wenye sare za shule, wakitembea kwa mstari kwenye ukingo wa lami. Zamani wangepita bondeni.

Simlaumu mwenye shamba. Parachichi lina bei, wezi wapo, na mtu aliyechumiwa mikadamia usiku ana haki ya kufunga. Lakini sheria inasema zaidi ya anavyoambiwa na fundi wa seng'enge. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua haki ya kupita iliyokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo inaruhusu njia ya umma iombwe na serikali ya kaunti, chama au kikundi cha watu, na mwenye ardhi alipwe fidia. Tatizo ni ushahidi. Haki ya njia iliyokuwapo miaka ya hamsini inahitaji mtu anayeikumbuka, na watu hao wana miaka themanini na zaidi.

Waingereza walilijua hili vizuri nyumbani kwao. Mwaka 1932 vijana wa viwandani walivamia mlima wa Kinder Scout kudai haki ya kutembea, na wengine wakafungwa. Mwaka 1949 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzitaka halmashauri za kaunti za Uingereza na Wales zichore kila njia ya miguu kwenye ramani rasmi. Tangu hapo mkulima wa kule anaweka ua apendavyo, ila kwenye njia lazima aache kilango. Katika muongo uliofuata maofisa wa serikali hiyohiyo walikuwa hapa Tetu wakipima mashamba yetu na kuviacha vijia vyetu. Jambo hilo linanikera kila ninapolifikiri, na sioni sababu ya kulirithi.

Kila Jumamosi matatu zinapanda kutoka Nairobi zikiwa zimejaa vijana wenye mikoba na fimbo za kutembelea. Wanakwenda Mlima Kenya, wanakwenda Satima, wengine maporomoko ya Zaina. Wanapita Tetu bila kununua hata chungwa. Mzunguko wa Wamagana ukiwekwa alama, ukiwa na madaraja imara na vijana wa hapa wa kuongoza na kusimulia, watashuka. Watakula kwa mama wa hoteli, watalala, na mwenye shamba anayepitiwa na njia anaweza kuuza chai na nduma za kuchemsha langoni pake. Lakini fedha ije baadaye. Njia inayomfaa mgeni wa Jumamosi ndiyo inayomfaa mchuma chai wa Jumatatu, na huyu wa Jumatatu ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza.

Ninaloomba si kubwa. Serikali ya Kaunti ya Nyeri itume wapimaji wake na machifu, kigongo kwa kigongo, wakiwa pamoja na wazee waliozipita njia hizi kabla ya vijiji. Kila njia itembewe, ichorwe, na maelezo ya wazee yaandikwe kwa kiapo. Mwenye shamba asikilizwe palepale. Akitaka njia isogezwe ipite mpakani badala ya katikati ya chai yake, isogezwe. Ukingo wa mto, ambao kanuni za maji zinataka uachwe kati ya mita 6 na 30, utumike kuwa njia ya kuunganisha vijia hivyo, na mikaratusi iliyomo ing'olewe kama John Michuki alivyoagiza mwaka 2009 alipokuwa waziri wa mazingira.

Na kazi ianze kwenye mteremko wa pili ukitoka Wamagana, chini ya kituo cha majani. Mashimo ya nguzo yameshachimbwa pande zote mbili za kijia, seng'enge imelazwa kwenye nyasi ikiwa bado imeviringishwa, na watu wanaendelea kupita.