Kamera Iliyozimwa Si Utoro

"Washa kamera nikuone!" Vipindi vingi vya mtandaoni siku hizi vinafunguliwa kwa amri hiyo. Asiyewasha anahesabiwa hakujiandaa, hana nidhamu, au kaacha simu mezani akaenda kulala. Nami niliamini hivyo, na kwa imani hiyo niliwaumiza wanafunzi.

Tuanze na bando. Zoom wenyewe wanaeleza kuwa sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ilhali kurusha picha safi kwenye kikao cha watu wengi kunahitaji megabiti 1. Piga hesabu ya saa moja: sauti haifiki MB 40, picha inakaribia MB 450. Anayeishi kwa bando la siku, ukimlazimisha aonyeshe uso kipindi cha asubuhi, umemfukuza kipindi cha mchana.

Halafu kuna chumba. Wengi wanasoma katika nyumba za kupanga, chumba kimoja, pazia likitenganisha kitanda na jiko. Binti mmoja darasani kwangu alikuwa akihudhuria akiwa ameketi kwenye ngazi za jirani. Nilidhani anafuata mtandao. Kumbe alikuwa anafuata ukuta usiotundikwa nguo, maana kwao mama alikuwa akipika na mdogo wake akiogeshwa papo hapo. Saa nzima alikuwa akilinda heshima ya nyumba yao, badala ya kusikiliza somo, na aliyemtoa nje ni mimi.

Wenzangu watasema kufundisha viboksi vyeusi kunavunja moyo. Ni kweli, kunavunja. Lakini uso ulioelekea kamera unatuthibitishia nini? Mwenye uso huo anaweza kuwa anasoma ujumbe wa WhatsApp. Tena kujitazama kwenye skrini muda wote kunachosha: mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alilitaja jambo hilo miongoni mwa sababu nne za uchovu wa vikao vya video.

Wala kufundisha bila kuona nyuso si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na wanafunzi wake walisoma wakiwa mbali kwa maandishi yaliyochapwa. Hakuna aliyedai kuwaona nyuso ndipo aamini kuwa wanasoma. Maandalizi yalianza kwa mwalimu: somo liandikwe, limfikie mwanafunzi mapema. Sisi leo tunaingia mikono mitupu, kisha tunakagua nyuso.

Sasa natuma kabrasha siku mbili kabla, kurasa nne, halizidi MB 1. Kipindi nakiendesha kwa sauti, na kila baada ya dakika chache namwita mtu kwa jina nimuulize swali. Yule binti amerudi ndani kwao. Akiwasha maiki nasikia sufuria, namsikia mdogo wake akilia, kisha nalisikia jibu lake.